Kikombe cha Chai Kwenye Madigadi

Picha ilikuwa kwenye simu ya Kinyua, na Magdaline aliitazama mara moja tu. Gari la zamani limeegeshwa kwenye bustani ya hoteli moja kule Nanyuki, boneti wazi, na pale injini ilipokuwa pamejazwa udongo. Udongo umepandwa maua, mekundu na ya zambarau, yanamwagika mpaka kwenye taa za mbele. Pembeni mgeni anapigwa picha, meno yote nje.

"Si inapendeza, Mami?" Kinyua akauliza.

"Inapendeza kama kaburi," Magdaline akasema, akamrudishia simu yake.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwa Kinyua mjini Nyeri. Kinyua alikuwa mwanawe wa kwanza, mtu wa ofisi, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kupumzika, na kwa miezi miwili alikuwa akimzunguka mama yake kwa maneno laini. Leo akatoa yaliyo moyoni. Pijo 504 aliyoiacha marehemu baba ilikuwa imeshindwa kupanda mlima wa Gura, kwenye njia ya kurudi nyumbani kwake, mara tatu tangu mwaka uanze. Mara ya tatu ilichemka, ikazima katikati ya kona, ikavutwa kwa kamba mpaka gereji ya Muchiri hapa mjini, na ilikuwa huko mpaka sasa. Kulikuwa na mnunuzi, mtu wa heshima, Kullow wa Nanyuki, anayeyatafutia mahoteli magari ya zamani. Angekuja Jumamosi na lori.

"Na mimi nitapanda Gura na nini?"

"Utakuwa huku na sisi. Room iko, TV iko. Mami, uko na miaka sitini na nane. Ile boma iko juu sana. Ukigonjeka huko peke yako, nani atakuleta hosi? Ati ujiendeshe?"

Hapo ndipo Magdaline alipoelewa kwamba hawakuwa wakizungumzia gari. Nyumba yake iko juu ya Othaya, mahali ambapo barabara ya chai inakaribia kuisha, na kinachomwezesha kuishi kule bila kumpigia mtu magoti ni ile Pijo. Ndiyo inayompeleka sokoni na ndizi zake. Ndiyo inayowabeba wanawake wanne wa kikundi chake kwenda kupimwa presha, wamebanana na mabegi mapajani, na ndiyo inayomrudisha kwake saa anayotaka yeye. Wakiichukua, atakaa chumba cha nyuma kwa Kinyua, aletewe chai, aulizwe kama amemeza dawa. Leo wanaijaza Pijo udongo na kuipanda maua, kesho ni zamu yake, na wageni watasema anapendeza.

Hasira ilimpanda kutoka kwenye nyayo.

"Hiyo gari haijachoka," akasema.

"Muchiri mwenyewe amesema imechoka. Na si Muchiri alifunzwa na Baba?"

"Mwambie Muchiri mimi nimesema haijachoka."

Kinyua akamtazama mkewe, wakachekeana kidogo, kile kicheko cha watu wanaomhurumia mzee. Kisha akanyanyua mikono kama aliyekamatwa. "Sawa, Mami. Ikitoka Nyeri ifike Othaya bila kusimama na bila kusukumwa, ni yako mpaka uchoke nayo, na mimi sitafungua mdomo tena. Ikisimama, Kullow anaipakia palepale."

"Na dereva ni mimi."

"Dereva ni wewe."

Alisema hivyo kumfurahisha tu. Magdaline alilichukua neno lile kama lilivyo, akafunga kilemba, akaenda zake.

Jumanne asubuhi aliteremka gereji akiwa amevaa gamubuti na sweta kuukuu la marehemu. Muchiri alikuwa chini ya gari la mteja, akatoka akijifuta mikono kwa kitambaa, akainamisha kichwa kwa adabu. Mtu wa miaka arobaini na kitu, kifua kipana, jina lake linajulikana kuanzia Mweiga mpaka Sagana. Alikuja kwa Wamae, marehemu mume wa Magdaline, akiwa kijana, akafunzwa kazi, na mzee alipougua ndiye aliyepokea funguo za gereji. Hakuna jambo alilojivunia kuliko hilo.

"Mama, pole. Mimi nimejaribu. Nimebadilisha plagi, nimeosha kabureta, nimeweka pointi mpya. Imekataa. Injini ikizeeka ni kama mtu."

"Mimi nimezeeka na bado napanda Gura," Magdaline akasema. "Fungua boneti."

Akafungua. Magdaline hakuangalia kwingine kokote. Alikwenda moja kwa moja kwenye distribyuta, kile kichwa cheusi chenye nyaya zinazopeleka moto kwenye plagi. Kazi ya distribyuta ni kuchagua saa ya cheche kupiga. Ukilegeza boliti yake na kuizungusha upana wa ukucha tu, umeibadilisha saa hiyo. Cheche ikiwahi mno, injini inagonga. Ikichelewa, inachemka na kukosa nguvu, nawe unaweza kununua plagi mpya mpaka duka liishe, mlima hutaupanda.

Pale chini, kwenye shingo ya distribyuta na kwenye chuma cha injini, kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu wa rangi ya kucha. Hiyo ndiyo alama ya Wamae. Fundi yeyote aliyepita mikononi mwake aliijua, na kila walipofungua Pijo ya aina ile waliilinganisha na alama hiyo kwanza, ndipo waguse kitu kingine. Na chini zaidi kulikuwa na kale kapaipu ka mpira kanakotoka kwenye kabureta kwenda kwenye kikopo cha vakyumu ubavuni mwa distribyuta. Kapaipu kalikuwa kamezibwa kwa kifuniko cha kalamu ya Biki. Wote walikaziba hivyo. Ukiwauliza kwa nini, wanakujibu kwamba mzee alikuwa akiziba.

"Nipe spana ya kumi na moja," Magdaline akasema. "Na kisu."

"Ya nini, Mama?"

"Nataka kuondoa hii alama."

Muchiri akasimama kati yake na gari. Hakufanya hivyo kwa ukali, lakini alisimama.

"Hapo hapana. Mama, nakuheshimu kama mama yangu, lakini hiyo alama hapana. Iliwekwa na mzee, na sikio yake. Mimi nilikuwa hapo. Hakuna mtu Nyeri hii alikuwa na sikio kama ya mzee. Ukitoa hiyo, ni kama kusema alikosea."

Magdaline alikuwa amekuja kugombana na chuma, na hakuwa amejiandaa kugombana na marehemu. Angeweza kurudi nyumbani. Tangu mumewe afe, miaka minne sasa, amekuwa akiisikia Pijo ikipanda kwa gia ya pili, kisha kwa gia ya kwanza, kisha ikishindwa kabisa, na anajua sababu, na amenyamaza. Kwa maana kuigusa alama ile ni kulitoa jambo aliloapa hatalitoa.

"Muchiri," akasema, "mzee alikuwa akiseti taimingi, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unaleta chai."

"Kila mara?"

"Kila mara." Muchiri akatabasamu, akikumbuka. "Sisi vijana tulikuwa tunacheka. Tunasema huyu mama haezi acha mzee afanye kazi."

"Na kikombe nilikuwa naweka wapi?"

"Kwa madigadi."

"Sasa fikiria vizuri. Uliwahi kumwona hata siku moja akikaza ile boliti kabla mimi sijaweka kikombe?"

Macho ya Muchiri yakaenda kwenye madigadi ya Pijo, bati la juu ya gurudumu upande wa kushoto, pale rangi ilipokuwa imefifia kwa miduara midogo ya vikombe vya miaka mingi. Magdaline aliona jinsi mtu mzima anavyorudi nyuma siku moja baada ya nyingine akitafuta hata moja ya kumkanusha, asiipate.

"Alikuwa hasikii," Magdaline akasema. "Kugonga mabati tangu ujana kulimmaliza masikio. Sauti kubwa alikuwa anasikia, lakini zile ndogo, za kuseti injini, zilikwenda zote akiwa bado na miaka arobaini. Mteja gani atamletea gari fundi asiyesikia? Kwa hivyo nilikuwa nasimama hapo na chupa ya chai. Yeye anazungusha, mimi nasikiliza. Ikikaa sawa, naweka kikombe. Anaona kikombe, anakaza. Aliniapisha nisiseme, na sijasema mpaka leo. Sikio unalolisifu wewe ni hili."

Akajigusa sikio kwa kidole, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Alimwonea uchungu Wamae, aliyeishi miaka ishirini akiogopa kujulikana. Na alijionea uchungu yeye, aliyesimama miaka ishirini akiitwa mama wa chai.

Muchiri alikaa juu ya tairi.

"Hiyo alama tuliiweka mwaka wa petroli mbaya," Magdaline akaendelea, akijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Unakumbuka? Petroli ya kila mahali ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Magari yote yalikuwa yanagonga kama mawe kwa debe. Nikamwambia rudisha nyuma, bado, rudisha tena, mpaka ikanyamaza. Na vakyumu tukaiziba, kwa sababu inaongeza cheche mbele na petroli ile ilikuwa haiwezi. Kalamu ilikuwa yangu ya kuandika kwa kikundi. Rangi ilikuwa yangu ya kucha. Ilikuwa dawa ya mwaka ule, Muchiri. Petroli ikawa safi, mzee akaugua, na nyinyi mmeendelea kupatia dawa mtu ambaye alipona zamani."

Muchiri aliinuka taratibu. Alikwenda kwenye kasha la vyombo, akarudi na spana ya kumi na moja mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Akampa vyote.

"Samahani, Baba Kinyua," Magdaline akasema kwa sauti, bila kujali nani anasikia, akaikwangua alama mpaka chuma kikang'aa.

Kisha akafanya kazi. Aliuchomoa mpira wa vakyumu kwenye kabureta na kuuacha pembeni, kwa sababu taimingi ya kwanza huwekwa bila vakyumu. Akamwambia Muchiri awashe injini. Akalegeza boliti, akashika distribyuta kwa kitambaa, akaizungusha kidogo kwenda mbele. Injini ikapanda sauti. Akaongeza. Ikapanda tena, ikachangamka, ikaacha kule kukohoa kwa kizee ilikokuwa nako. Akaongeza mpaka ikaanza kuyumba, akairudisha nyuma kiasi cha unene wa shilingi. Akasikiliza, macho yamefumbwa. Huku kwetu juu hewa ni nyembamba, moto unawaka polepole, kwa hivyo cheche inataka kuwahi kidogo kuliko kitabu kinavyosema. Vitabu vingi vimeandikwa na watu walio karibu na bahari.

Mkono wake wa kushoto ulinyooka wenyewe kutafuta mahali pa kuweka kikombe. Hakukuwa na kikombe. Akakaza boliti.

"Tuweke alama wapi?" Muchiri akauliza, sauti imekuwa ya mwanafunzi.

"Hakuna alama. Atakayekuja baadaye asikilize mwenyewe."

Ilibaki vakyumu. Magdaline alikitoa kile kifuniko cha kalamu, akashika ncha ya ule mpira, akaitia mdomoni, akavuta pumzi. Kile kikopo kingekuwa kizima, kingevuta sahani ndani ya distribyuta na ulimi wake ungenaswa. Hewa ilipita tu, bure, kama kwenye mrija uliotoboka. Ngozi ya mpira ndani ya kikopo ilikuwa imekauka na kupasuka kwa kukaa miaka bila kazi.

"Uko na ingine?"

Muchiri alitikisa kichwa. "Tumekuwa tukitupa. Nani alikuwa anaitaka?"

"Kwani hiyo vakyumu ni lazima?" Muchiri akauliza baadaye. "Kwa mlima ukikanyaga mpaka chini, si hata haifanyi kazi?"

"Haifanyi. Lakini kutoka hapa mpaka Gura si mlima. Hapo ndipo inafanya kazi, mguu ukiwa mwepesi. Bila hiyo injini inafika kwa daraja ikiwa imeshachemka, halafu ndio unaiambia ipande."

Kutafuta kikopo kingine, Magdaline alimpigia simu mtu wa mwisho ambaye angefikiriwa. Kullow alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kirefu.

"Mama, unataka nikupe kisu unichinje nacho?"

"Kama unaogopa, kaa nacho."

"Nina Pijo mbili hapa zimekaa juu ya mawe," Kullow akasema. "Nitaangalia. Mimi ni mfanyabiashara, si mwizi. Nikichukua gari, nichukue lililoshindwa, si lililonyimwa."

Jumamosi saa nne asubuhi lori la Kullow lilisimama mbele ya gereji. Akashuka, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe na ndevu zilizopakwa hina, akamsalimia Magdaline kwa mikono miwili, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa gazeti. Magdaline alikifungua, akakitia mdomoni mbele ya watu wote, akavuta. Ulimi ukanaswa. Akakaa hivyo, mashavu yameingia ndani, akihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, na kikopo hakikuachia.

"Ikifika Othaya ni zawadi," Kullow akasema. "Isipofika inarudi kwangu pamoja na gari."

Kinyua alikuja na gari lake jipya, akaegesha mbali kidogo. Siku nyingine angetania. Leo alimsalimia mama yake, akamtazama akifunga kikopo kile kwa bisibisi, kwa namna ambayo Magdaline hakuielewa. Muchiri aliomba kupanda kiti cha mbele kama shahidi. Wakatoka Nyeri hivyo, Pijo mbele, Kinyua nyuma yake, na lori tupu la Kullow mwisho, kama msafara wa mazishi ambao maiti ndiye anaendesha.

Njia ya mwanzo ni ya kushuka na kunyooka. Magdaline aliuweka mguu mwepesi kwenye akseleta, na gari likateleza. Alikuwa amesahau. Miaka mingi alikuwa akiisukuma Pijo kwa mguu mzima kama anayesukuma ng'ombe mkaidi, na sasa ilikwenda kwa kuguswa tu. Mshale wa joto ulisimama katikati. Muchiri aliuangalia, akaugonga kwa kidole akidhani umekwama.

"Mara ya mwisho hapa ilikuwa imefika kwa red," akasema.

"Wacha kugonga gari yangu."

Daraja la Gura lilikuja, maji meupe yakipiga mawe chini, na ng'ambo yake barabara ikasimama wima. Kutoka hapo hakuna mahali pa kupumzikia. Magdaline alishusha gia ya tatu na kukanyaga. Pijo ikainua pua. Mita mia, mia mbili, migomba na mibuni ikirudi nyuma dirishani. Kona ya kwanza ikapita. Gia ya pili. Kwenye kioo aliliona lori la Kullow, taa zimewashwa, likiwafuata bila haraka, na hasira ya Jumapili ikamrudia yote, ikamkaa vizuri mguuni.

Ndipo sauti ikaanza. Kri, kri, kri, nyembamba, kama kijiko kwenye glasi.

"Inagonga!" Muchiri akashika dashibodi. "Mama, inagonga! Simama turudishe nyuma, utapasua pistoni!"

"Nyamaza nisikie."

"Mama, mzee angekuwa hapa angesimama!"

"Mzee angekuwa hapa angeniangalia mimi," Magdaline akasema. "Nyamaza!"

Akasikiliza. Miaka minne ni mingi, na sikio nalo huzeeka. Kri, kri. Ikiendelea, amekosea, na Kinyua yuko sahihi, na yuko mzee mmoja anayestahili chumba cha nyuma. Injini ikaongeza mzunguko. Kri. Kisha ikanyamaza. Ikabaki sauti moja nzito, iliyoshiba, inayovuta. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, igonge kidogo unapoibana, halafu iache. Isipogonga kabisa, umeiibia nguvu.

"Umesikia?" akauliza.

Muchiri alikuwa ametoa kichwa dirishani, anasikiliza kwa mdomo wazi.

Kona iliyomshinda mwezi uliopita ilikuwa hapo juu, na doa la mafuta yake mwenyewe bado liko kwenye lami. Lakini mbele ya kona kulikuwa na lori la majani chai, limejaa mpaka juu, linatambaa huku likitoa moshi. Akilifuata atazimikiwa. Magdaline alibaki nyuma yake kwenye kona, akihesabu pumzi, mshale wa joto ukianza kuinuka, na barabara ilipofunguka na kuonyesha upande wa pili mtupu, alipiga honi mara moja, akatoa mkono nje, akakanyaga mpaka chini. Pijo ya miaka arobaini na mitano ikalipita lori la chai kwenye mlima wa Gura. Dereva wa lori alimwona bibi mwenye kilemba akimpita na karibu aingie mtaroni kwa kushangaa.

"Uuui!" Muchiri akapiga kelele, mtu mzima, akapiga paa kwa kiganja. "Uuui, Mama!"

Safari hii hakukatazwa kuligonga.

Alisimama Othaya, karibu na soko, akaiacha injini ikiwa inanguruma polepole. Kullow aliteremka kwenye lori, akaizunguka Pijo, akaweka kiganja kwenye boneti kama anayepima homa ya mtoto. "Halali yako," akasema. Akamwambia dereva wake ageuze, na lori likarudi Nanyuki kama lilivyokuja.

Kinyua alikuja mwisho. Magdaline alishuka akiwa amejiandaa. Alikuwa na maneno ya kumpa, ameyapanga tangu darajani, makali yote. Lakini Kinyua hakuzungumza habari za gari.

"Muchiri aliniambia juzi," akasema. "Mami, ni ukweli Baba alikuwa hasikii?"

"Ni ukweli."

"Hata mimi alikuwa hanisikii?"

Magdaline alimtazama.

"Nilikuwa nikitoka boarding nakuja gereji," Kinyua akasema, na sauti yake ya ofisini ilikuwa imeondoka. "Nasimama nyuma yake namwita. Baba. Baba, nimekuja, nimekuwa namba mbili. Hageuki. Nilikuwa najua ananikasirikia kwa sababu sikutaka kuwa fundi. Mpaka amekufa nilikuwa najua hivyo."

Maneno makali yote yalimtoka Magdaline yakaenda pasipojulikana. Aliijua ile siku. Alikuwa na kikombe mkononi. Alimwona mtoto akigeuka kwenda, na akasema moyoni atamwambia baadaye, kwa sababu injini ilikuwa karibu kukaa sawa.

"Alikuwa hakusikii," akasema. "Usiku nilimwambia umekuwa namba mbili, akalia. Nilinyamaza kwa ajili ya kazi yake, na wewe ndiye uliyelipa. Hapo nilikosa, Kinyua. Nisamehe."

Kinyua alitazama pembeni, akavua miwani, akaifuta kwa shati lililopigwa pasi. Muchiri, aliyekuwa amekwenda hotelini, alirudi na vikombe vitatu vya chai akavigawa. Magdaline alikirudisha chake. Alichukua spana ya kumi na moja kwenye mfuko wa sweta, akafungua boneti.

"Kwa kona iligonga zaidi ya vile nataka," akasema. "Inataka kurudi kidogo sana. Kinyua, njoo usimame hapa, na hicho kikombe chako."

"Mami, mimi sijui hizi vitu."

"Hata mimi sikuwa najua. Fumba macho usikilize. Ikikaa sawa, weka kikombe hapo."

Aliuchomoa mpira wa vakyumu, akauziba kwa kidole gumba, akalegeza boliti na kuizungusha distribyuta kwa mkono wa pili. Watu wa soko walianza kukusanyika. Kinyua alisimama kando ya gari la baba yake, macho yamefumbwa, chai inapoa mkononi, na uso wake ukabadilika polepole kama wa mtu anayeitwa kwa jina kutoka mbali. Injini ilichangamka, ikazidi, ikarudi, ikatulia.

Kikombe kikatua kwenye madigadi.

Magdaline aliangalia kikombe, si mwanawe, na akakaza boliti.